Mteja anatafuta Gisenyi, wewe umeandika Rubavu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndugu msomaji, kwenye intaneti methali hiyo haitoshi. Hata kizuri hakiuziki kama mteja hakioni. Somo hilo nimelipata kwa pesa yangu mwenyewe.

Nilirudi nchini mwaka 1994 kutoka Karagwe, na leo nauza vitenge kwa jumla mjini Gisenyi. Wateja wangu wengi ni akina mama wanaovuka mpaka kutoka Goma. Mwaka 2023 kijana mmoja alinitengenezea tovuti, akaniahidi kwamba nikimwongezea faranga 200,000 duka langu litakuwa la kwanza kwenye Google. Nikalipa. Miezi mitano ikapita, na hakuna hata mteja mmoja aliyepiga simu kwa sababu ya tovuti ile.

Siku moja nikamwuliza mteja: "Mama, ukitafuta vitenge kwenye simu unaandika nini?" Akaandika mbele yangu: "bitenge Gisenyi". Nikafungua tovuti yangu. Neno kitenge halimo, bitenge halimo. Kulikuwa na Kiingereza kitupu kuhusu nguo za Kiafrika, na mahali palitajwa Rubavu peke yake.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Mwaka 2006 majina ya utawala yalibadilishwa: Ruhengeri ikawa Musanze, Butare ikawa Huye, Cyangugu ikawa Rusizi. Majina hayo tunayaheshimu. Lakini ndugu zetu waliokaa nje miaka mingi, na wafanyabiashara wa Bukavu, wengi bado wanasema Cyangugu. Google hutanguliza kurasa zinazolingana na alichoandika mtafutaji. Neno lake lisipokuwemo, umejipunguzia nafasi mwenyewe.

Maoni yangu ni haya. Usimlipe mtu anayekuahidi nafasi ya kwanza. Google yenyewe inaonya kwamba hakuna awezaye kuihakikisha. Wala usinunue viungo vya kuelekeza watu kwako, kwani mwaka 2012 Google ilikaza hatua za kuzishusha tovuti za namna hiyo. Badala yake, waulize wateja kumi wanaandika nini, kisha uyaweke maneno yao kwenye vichwa vya kurasa, kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa. Andika jina jipya la mji pamoja na la zamani. Andikisha duka lako kwenye ramani ya Google, ni bure. Punguza ukubwa wa picha ili ukurasa ufunguke upesi kwenye simu.

Kazi hiyo niliifanya mwenyewe kwa jioni mbili. Sijawa wa kwanza, lakini simu zimeanza kuita. Vyama vya ushirika vya mpakani vingefanya vyema kuwafundisha wanachama wao jambo hili, kabla hawajapoteza mtaji kama mimi.

Pale mpakani tumezoea kumsalimu mteja kwa lugha yake. Tumsalimu hivyo hivyo kwenye tovuti.