Leseni Haikuandikwa Jina la Wodi

Hotuba mmeisikia. Ilitolewa Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, mishumaa ikiwa bado mikononi, na ilipigiwa makofi na watu ninaowaheshimu. Aliyeitoa namheshimu kuliko wote. Ndiye matroni aliyenifundisha kuhesabu matone ya dripu kwa saa ya mkononi, matone 42 kwa dakika ukitaka lita moja iishe kwa saa nane. Ndiye pia aliyenirudishia ripoti ya zamu mara tatu usiku wangu wa kwanza, mpaka ikasomeka. Hivyo sina hasira naye. Nina ripoti tu, hoja moja baada ya nyingine, na kazi ya kupima ni yenu. Mjue mapema kwamba mimi ni mshtakiwa: nilikaa wodini miaka tisa, na huu ni mwaka wa sita nauguza wagonjwa majumbani mwao hapa Dar es Salaam.

Shtaka la kwanza lilikuwa la uhaba. Nchi haina wauguzi wa kutosha, alisema Mama Matroni, na kila anayeacha wodi anaacha vitanda bila mwangalizi. Uhaba upo, sibishi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.9 duniani, sehemu kubwa ikiwa katika nchi za kipato kama chetu. Lakini uhaba wa wauguzi wodini na uhaba wa wauguzi mtaani ni vitu viwili, na hotuba ilivichanganya. Tunao vijana wenye stashahada na leseni wanaojitolea hospitalini bila mshahara, wakisubiri tangazo la ajira; kila aliyefanya kazi wodini amewahi kupangwa zamu nao. Kinachokosekana ni nafasi zenye bajeti, si mikono. Nilipoondoka sikubeba nafasi yangu kwenye mkoba. Ilibaki pale, na waliokuwa tayari kuijaza walikuwa wamesimama koridoni.

Halafu kuna jambo dogo ambalo hotuba iliruka. Mwenzetu mmoja alipopata kazi katika nyumba ya kulelea wazee huko Uingereza tulimchangia sherehe, tukapiga picha, na Mama Matroni mwenyewe akakata keki. Kazi aliyoiendea ni ya kuwaosha, kuwalisha, kuwapa dawa na kuwatazama vidonda wazee. Yeye alivuka bahari akaitwa mfano wa kuigwa. Mimi nimetoka Ilala nikaenda Mbagala kuwafanyia hayohayo wazee wetu, nikaitwa mtoro. Naomba mnionyeshe kipimo kilichotumika.

Shtaka la pili: huku nyumbani hakuna uuguzi. Ni kuosha, kulisha na kubadilisha shuka; baada ya mwaka mmoja ujuzi umekufa, na muuguzi hatofautiani na msaidizi yeyote aliyeokotwa mtaani. Nadhani nimelirudia bila kulipunguza makali.

Nianze na tarehe, kwa kuwa hotuba iliapa kwa jina la Florence Nightingale. Shule yake ya uuguzi katika hospitali ya St Thomas', London, ilifunguliwa mwaka 1860. Mwaka mmoja kabla yake, 1859, mfanyabiashara wa Liverpool aitwaye William Rathbone alimwajiri Mary Robinson, muuguzi aliyekuwa amemuuguza mkewe katika ugonjwa wake wa mwisho, ili akawauguze maskini wa mji huo majumbani mwao. Rathbone alipotaka kuipanua kazi hiyo, mshauri wake alikuwa Nightingale huyohuyo. Mtu hawezi kuwasha mshumaa kwa heshima yake kisha akatuambia uuguzi wa nyumbani ni uzushi wa juzi.

Tarehe peke yake haimalizi hoja, najua. Twende kwenye kazi. Mgonjwa wa kiharusi ameruhusiwa, ana mrija wa kulishia puani na mpira wa mkojo. Kabla ya uji kupita, mtu lazima ahakikishe mrija bado uko tumboni na haujapanda kuelekea mapafuni. Mgonjwa ainuliwe kichwa, na abaki ameinuliwa baada ya kulishwa. Mkojo uliobadilika rangi na harufu ni habari, na lazima isomwe kabla homa haijapanda. Kisigino chenye wekundu usiofifia ukibonyeza ni kidonda kilichokwisha kuanza ingawa ngozi haijachanika. Mashine ya oksijeni inataka umeme, na umeme wa mtaa ule unakatika, kwa hiyo mtungi wa akiba unatafutwa kabla ya giza, si baada yake. Haya yote ni kuosha na kulisha, ndiyo. Lakini wakati wa kuosha ndipo mgongo unapoonekana, na wakati wa kulisha ndipo kikohozi kinaposema kwamba koo halimezi sawasawa.

Na kuhusu huo mgongo, nawaombeni mfanye hesabu pamoja nami. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa takriban kila saa mbili. Tulifundishwa hivyo, na tukafundisha wengine. Usiku mmoja, zamu ya saa 12, tulikuwa wauguzi wawili na wagonjwa 38. Kati yao 12 walikuwa hawajigeuzi. Kumgeuza mtu mzima kunataka watu wawili na dakika tano, ukimtazama ngozi na kumnyooshea shuka. Kumi na wawili mara dakika tano ni saa nzima, na saa hiyo inajirudia kila baada ya saa mbili. Ina maana nusu ya usiku wote wawili tungekuwa tunageuza wagonjwa tu, huku 26 waliobaki wakisubiri dawa, dripu na mtu wa kuitika. Hatukufanya hivyo. Tuligeuza tulipoweza, na asubuhi tukaandika kwenye faili kama watu wote wanavyoandika. Siilaumu hospitali ile, wala simlaumu mwenzangu. Nasema tu kwamba mtu anayedai uuguzi kamili uko wodini na nusu yake iko nyumbani aanze kwa kujumlisha dakika. Nyumbani nina mgongo mmoja, na nimeugeuza kila saa mbili.

Sasa shtaka la tatu, na hapa ndipo ningewaomba mahakimu mshike kalamu. Muda mfupi baada ya kutuambia kazi hii ni nyepesi kiasi cha kuua ujuzi, Mama Matroni alituambia ni ya hatari kiasi kwamba muuguzi mmoja hapaswi kuifanya. Daktari yuko mbali, hakuna wa kumwita, na mgonjwa akibadilika ghafla uko peke yako na Mungu wako.

Moja kati ya hayo linaweza kuwa kweli. Yote mawili kwa pamoja hayawezi. Kama kazi ni ya kubadilisha shuka, hatari inatoka wapi? Na kama ni ya hatari hivyo, inayotaka mtu aone mabadiliko mapema, aamue peke yake na asikosee, basi huo ndio ujuzi wenyewe, nao haufi kwa kutumika kila siku. Hotuba ilitaka tuwe wavivu na wahatarishaji kwa wakati mmoja. Ilibidi ichague, haikuchagua, na makofi yakapigwa mara mbili.

Mimi nitachagua kwa niaba yake: hatari ndiyo hoja ya kweli, na inastahili jibu la kweli. Usiku mmoja Kigamboni, mgonjwa wangu wa sukari alianza kutokwa jasho na kujibu maswali kwa kuchelewa. Kipimo kilisoma 2.3. Alikuwa bado anameza, kwa hiyo vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, dakika kumi na tano kwa saa, kipimo tena, kisha chakula. Daktari nilimpata kwa simu kipimo kilipokwisha kupanda. Niliogopa, sitaficha, nisingetaka mgeni wa kazi awe peke yake usiku ule. Lakini nauliza swali moja. Wodini, mgonjwa huyohuyo angepimwa sukari saa nne usiku, kisha saa kumi na mbili asubuhi. Jasho lake la saa tisa usiku angeliona nani, kati ya vitanda 38?

Anayejali hatari atadai vitu vinavyoipunguza: maagizo ya daktari yaliyoandikwa kabla mgonjwa hajatoka hospitali, namba ya simu inayopokelewa, usafiri uliopangwa, muuguzi asiyeanza kazi hii akiwa ametoka chuoni jana. Hili la mwisho nalidai hata mimi, tena kwa sauti kubwa, kwa kuwa miaka yangu tisa ya wodini ndiyo iliyoniokoa Kigamboni. Ila hotuba haikudai hata kimoja. Ilidai turudi. Waganda walikabili hofu kama hii kwa njia nyingine. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wauguzi wakawafuata wagonjwa wa saratani majumbani; na mwaka 2004 nchi ikawaruhusu kisheria wauguzi waliosomea huduma hiyo kuandika dawa ya mofini, ili mtu asilie usiku kucha akisubiri daktari asiyekuwepo. Nasi tunayo Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ambayo inamsajili na kumpa leseni mtu. Jina lililoandikwa kwenye leseni yangu ni langu. Jina la wodi halimo.

Hoja ya fedha nitaipita haraka, kwa maana haikukaa mahali pamoja kiasi cha kushikika. Mara tumeondoka kwa tamaa, mara tutakufa maskini bila pensheni. Kuna siku nalipwa vizuri na kuna wiki simu hailii. Mafao yangu nachangia mwenyewe. Asiyeelewa kwa nini mtu anaweza kuchagua hivyo ahesabu tena dakika za ule usiku.

Iko hoja nyingine iliyonigusa zaidi, na sikuona ikijibiwa popote. Kwa mila zetu, alisema, mgonjwa huuguzwa na watu wake. Kumwajiri mgeni ni kununua upendo, na wenye kuweza kuununua ni wachache. Lugha yenyewe iko upande wake. Mtu aliyesema "namuuguza mama" alikuwa binti au shangazi kabla hajawa na sare, na sisi wa sare tuliazima neno hilo kutoka kwao. Na la bei nalikubali bila kupepesa: fundi cherehani wa Mbagala hawezi kunilipa kwa mwezi, na mimi siwezi kufanya bure kwa mwezi. Hilo ni deni la bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilitungwa mwaka 2023, na litabaki deni mpaka uuguzi wa nyumbani nao uhesabiwe kuwa matibabu.

Lakini tazameni nani anayeyasema haya kuhusu ndugu. Ni hospitali. Hospitali inamzuia binti getini mpaka saa ya kuona wagonjwa ifike, inampokea chakula mlangoni, inamwambia asiguse mrija. Wiki tatu baadaye, siku ya kuruhusiwa, inamwita binti yuleyule, inamwonyesha mrija kwa dakika kumi, inamkabidhi karatasi na baba. Asubuhi alikuwa kizuizi na mchana amekuwa mrithi wa mila. Mimi ninapofika kwake siku ya pili nakuta mtu aliyekaa macho usiku kucha akiogopa kumuua baba yake kwa uji. Upendo anao wa kutosha. Anachotaka ni mtu wa kusimama nyuma yake mara tatu nne, mpaka mikono iache kutetemeka, kisha apite kila wiki kutazama.

Hili tulishalifanya. Kabla dawa za kupunguza makali ya UKIMWI hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, wodi zilifurika na wagonjwa wengi walirudi kufia nyumbani. PASADA, ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, ilianza mwaka 1992, na watu wake wakaenda hadi kitandani kwa mgonjwa. Sikumbuki kusikia kwamba waliiba kazi ya shangazi. Na Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Mhudumu huyo akikuta kidonda kinachonuka mgongoni mwa bibi, atampigia muuguzi gani, kama wote tumeamriwa tusitoke nje ya geti?

Limebaki shtaka lililowachekesha wengi: kwamba tutageuzwa kina dada wa kazi. Lina ukweli. Wodini niliitwa sista. Nyumba ya kwanza niliyoingia niliitwa dada, na siku ya tatu dada huyo aliombwa, kwa adabu, apitishe pasi kwenye mashati. Nilikataa, na tangu hapo nina karatasi ya ukurasa mmoja inayosema ninachofanya na nisichofanya, inasainiwa kabla sijavua viatu mlangoni. Tatizo lilikuwa mkataba, na mkataba ukalimaliza. Niongeze tu kwamba wodini nimewahi kupiga deki, kusukuma mitungi na kutafuta ufunguo wa stoo saa nane za usiku, na hakuna aliyesema taaluma imedhalilika.

Kielelezo changu cha mwisho ni karatasi ya ruhusa ya mgonjwa niliyempokea Ijumaa, siku chache baada ya hotuba. Mzee, kiharusi, mrija puani, mpira wa mkojo, kisigino cha kushoto chekundu. Nyuma ya karatasi, kwa kalamu ya bluu, imeandikwa namba yangu ya simu, na chini yake maneno mawili: "Mpigieni huyu." Hakuna saini. Haikuhitajika. Ni mwandiko uleule ulionirudishia ripoti ya zamu mara tatu.