Dodoso lianzie mtaani

Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vyetu huingia mitaani na vijijini wakiwa na dodoso mkononi. Wana kibali, wana barua ya kumwonyesha mtendaji wa kata, wana maswali yaliyopitishwa na msimamizi. Mwenye nyumba hujibu: idadi ya watoto, kipato, mahali anapochota maji. Mgeni hushukuru na kuaga, na majibu huhamia kwenye tasnifu ambayo mtaa ule hautaiona kamwe. Siku hizi kazi ya namna hii ikipitia kwenye asasi ya kijamii huhesabiwa kuwa ubia. Hatukubaliani na hesabu hiyo. Asasi iliyoombwa kutafuta watu wa kuhojiwa imefanywa mwongoza njia tu. Mbia ni yule aliyekuwapo swali lilipotungwa, na ambaye kazi ikiisha hubaki na majibu anayoweza kuyatumia.

Dai hili lina umri mkubwa hapa kwetu. Katika miaka ya 1970, mtafiti Marja-Liisa Swantz, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alishirikiana na wanafunzi kuchunguza matatizo ya vijijini pamoja na wanavijiji wenyewe, na mwaka 1975 mradi wa Jipemoyo ukaanza wilayani Bagamoyo kwa msingi huohuo. Budd Hall, aliyekuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akaieneza mbinu hiyo, iitwayo utafiti shirikishi, nje ya Afrika. Inasikitisha pale mwanafunzi wetu anapofundishwa utafiti shirikishi kana kwamba ni mali ya ng'ambo.

Ushahidi wa karibuni uko Nairobi. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoundwa mwaka 1996 kupambana na bomoabomoa, lilijizoeza kuhesabu kaya na kuchora mitaa yake lenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, viliposhirikiana nalo katika mitaa ya Mathare na kisha Mukuru, wasomi na wanafunzi wa mipango miji walikuta madai yaliyokwishapevuka kuhusu ardhi, maji na vyoo. Uchunguzi wa pamoja ukaonyesha jambo ambalo wakazi walilijua kwa mifuko yao: mtu wa mabandani hulipia maji bei kubwa kuliko anayeishi mtaa rasmi, na huduma anayoipata ni duni. Takwimu hizo ziliyapa malalamiko nguvu mbele ya wakubwa. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, yenye kaya zaidi ya 100,000, kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi wakajipanga katika vikundi vya kaya kumikumi ili sauti zao ziingie kwenye mpango. Utafiti peke yake usingeleta tamko lile. Ulifaa kwa sababu matokeo yake yaliangukia mikononi mwa watu waliokuwa wakiyasubiri.

Msomi makini atauliza: asasi yenye madai ikitunga swali, je, haitajipatia jibu inalolitaka? Hofu hiyo ni halali, lakini swali lolote lina mwenyewe, hata lile la mfadhili au la wizara. Kuchagua swali hakumpi mtu ruhusa ya kupika jibu. Sampuli bado itachaguliwa kwa kanuni na hesabu bado itakaguliwa. Tena kumshirikisha mkazi mara nyingi huongeza usahihi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwaunganisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam na wakazi wa kata zinazofurika. Picha za droni zilionyesha mapaa na njia. Lakini kina cha maji ya mafuriko yaliyopita, na mtaro gani huziba kwanza, hayo yalitoka kwa watu waliowahi kuhamisha godoro usiku.

Pingamizi linalotutia wasiwasi zaidi ni jingine: asasi si jamii nzima. Mwenye nyumba na mpangaji hawataki jambo moja, na msichana wa kazi hahudhurii mkutano wa mtaa. Hapa ndipo mwanafunzi anaweza kuwa na faida ambayo kiongozi wa asasi hana, kwa kuwa anaruhusiwa kuuliza nani hayupo kikaoni. Taarifa nazo zina hatari zake. Mwishoni mwa 2015, katika Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, baadhi ya nyumba zilichorwa alama ya X na nyingi zikabomolewa. Hatusemi kwamba watafiti ndio waliosababisha. Tunasema kwamba palipo na mvutano wa ardhi, orodha ya nani anaishi wapi inaweza kumlinda mtu au kumhamisha, kwa hiyo makubaliano kuhusu nani atahifadhi majina na ramani yafanyike kabla ya hodi ya kwanza.

Inabaki hoja ya muda, ambayo wahadhiri huitaja kuliko zote. Ni kweli kwamba muhula mmoja hautoshi kujenga imani. Ndiyo sababu uhusiano unapaswa kushikwa na idara, kwa miaka, ili kundi la mwaka huu lipokee kazi pale wenzao walipoiachia. Idara itenge fungu la kulipa muda wa wanaasasi, kama inavyolipia usafiri na uchapishaji. Na sehemu ya alama za tasnifu itokane na mkutano mmoja wa hadhara, ambapo mwanafunzi ataeleza kwa Kiswahili alichokipata, mbele ya watu waliouliza, nao wawe na haki ya kumwambia kwamba swali lao bado halijajibiwa.