Msalaba wa Kifo Uliochelewa

Machi 30, 2020, wasomaji wa chati waliokuwa wakiifuatilia fahirisi ya S&P 500 ya Marekani waliuona msalaba wa kifo: mstari wa wastani wa siku 50 ulishuka ukaukata ule wa siku 200. Wanaoamini alama hizo huambiana wauze. Lakini soko lilikuwa limekwisha kupoteza takribani theluthi moja ya thamani yake tangu Februari 19, na lilikuwa limegusa chini Machi 23, wiki nzima kabla ya msalaba kujitokeza. Siku ya msalaba fahirisi ilifunga kwenye pointi 2,626. Mwaka ulipokwisha ilikuwa 3,756.

Kuchelewa huko hakukuwa bahati mbaya. Wastani wa siku 200 ni jumla ya bei za siku 200 zilizopita ikigawanywa kwa 200, basi. Anguko likiwa la ghafla, hesabu hiyo haina budi kufika watu wakiwa wamekwisha kuumia.

Watetezi watakutajia Desemba 2007. Wana haki: msalaba wa mwezi ule ulitangulia anguko lililoifikisha S&P 500 kwenye pointi 676 Machi 2009. Wasichokutajia ni Julai 2010, msalaba ulipotokea siku zilezile soko lilipofika chini na kuanza kupanda. Mpiga ramli naye hudumu mjini kwa namna hiyohiyo, maana aliyepatiwa husimulia na aliyekoseshwa hunyamaza.

Hoja yenye mvuto zaidi ni ile ya historia kujirudia. Mapema mwaka 2014 ulisambaa mchoro uliolaza mwendo wa fahirisi ya Dow Jones wa 1928 na 1929, ulioishia kwenye anguko kubwa, juu ya mwendo wake wa miaka miwili iliyotangulia, na mistari ikafanana hadi ikatisha. Siri yake ilikuwa pembeni, kwenye vipimo. Kila mstari ulikuwa na kipimo chake, hivyo Dow ya kale iliyokaribia kuongezeka maradufu ilionekana sawa na ya sasa iliyopanda kwa sehemu ndogo tu ya hapo. Ukiruhusiwa kuvuta mistari upendavyo na kuchagua tarehe ya kuanzia, utapata pacha wa mwaka wowote. Anguko halikuja, na 2014 S&P 500 ilipanda kwa asilimia 11 hivi.

Lakini vipi kuhusu 1987? Kundi la mwekezaji wa Marekani Paul Tudor Jones lililinganisha chati ya miaka ya themanini na ile ya miaka ya ishirini, na Oktoba 19 Dow ilipoanguka kwa asilimia 22.6, Jones alivuna fedha nyingi. Huo ndio mfano bora walio nao, kwa hiyo tuufuate hadi mwisho. Baada ya 1929 Dow iliendelea kuporomoka hadi 1932, ikarudi kwenye kilele chake Novemba 1954. Baada ya 1987 ilikivuka kilele chake katika muda wa miaka miwili. Aliyeendelea kuiamini chati ileile baada ya Oktoba alisubiri Mdororo Mkuu mwingine ambao haukuja.

Tena maumbo ya chati hayahitaji hata soko. Mwaka 1959 Harry Roberts wa Chuo Kikuu cha Chicago alitengeneza mfululizo wa namba za kubahatisha, akauchora kama bei za soko. Kichwa na mabega, umbo ambalo wachambuzi hulipa uzito mkubwa, likajitokeza humo bila mnunuzi wala muuzaji yeyote.

Si kwamba bei zilizopita hazina habari yoyote. Utafiti wa mwanauchumi Andrew Lo na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, uliiachia kompyuta kazi ya kuyatambua maumbo ya namna hiyo katika chati za hisa za Marekani, na ukakuta baadhi yanabeba taarifa kidogo. Ila kompyuta ilipewa tafsiri moja ya kila umbo na haikuruhusiwa kuibadili baada ya kuona matokeo. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaouziwa mafunzo ya kutabiri fahirisi za Marekani kwa simu wamdai mwalimu sharti hilohilo: kabla ya soko kufunguliwa, aandike umbo analoliona, bei inayotarajiwa, na bei itakayomfanya akiri kwamba amekosea.