Mondo wanne, damu moja

Niko Akheri. Nimekuja kumsalimia mama, lakini kuna jambo linanikereketa tangu mwezi uliopita.

Nilipita sehemu moja (jina nalihifadhi) wanakofuga wanyamapori kwa ajili ya wageni. Bandani walikuwemo mondo wanne, miguu mirefu, masikio makubwa, wanapendeza kweli. Nikamuuliza mhudumu, "Kaka, hawa mmewatoa wapi?" Akacheka. "Hawa familia, bwana. Dume yule ni baba wa hao wawili." Na mama yao? "Dada yake." Alisema kwa fahari, eti wanazaana vizuri.

Jamani! Mimi nimesomea habari, si baiolojia, lakini hapa hesabu ni ndogo. Chukua madume 5 na majike 5 wanaozaa: kwa wastani wanapoteza asilimia 5 ya utofauti wa vinasaba kila kizazi. Sasa weka dume 1 na majike 9. Vichwa ni 10 vile vile, ila kitaalamu kundi hilo ni sawa na wanyama 3.6 tu, na hasara inafika karibu asilimia 14.

Msione ni nadharia. Mwaka 1962 nzi wanaouma waliwamaliza simba wa bonde la Ngorongoro, wakabaki kama 10. Baadaye madume 7 wakaingia kutoka nje, simba wakaongezeka hadi kuzidi 100. Kwa kuhesabu vichwa, mambo shwari. Lakini Craig Packer na wenzake walipochapisha utafiti wao mwaka 1991, walionyesha kwamba simba wale wote walitokana na mababu 15 tu, na madume walikuwa na mbegu nyingi zenye kasoro kuliko wenzao wa Serengeti. Na wale walikuwa porini, sio ndani ya wavu.

Paka wadogo hawana wa kuwasemea. Simba akipiga chafya tu gazeti langu litaandika. Mondo, simba mangu na paka pori, nani ana habari? Paka pori ana balaa lake zaidi, anazaana na paka wa nyumbani. Uskochi ilibidi wapime vinasaba vya paka pori wao waliofugwa kwanza, ndipo wakachagua wa kuzalisha, na mwaka 2023 wakaanza kuwaachia milima ya Cairngorms.

Kwa hiyo nasema hivi: mwenye kibali cha kufuga paka hawa alazimishwe kupeleka damu au manyoya yenye mizizi maabara, na awe na daftari la ukoo. Visingizio vya umbali sitaki kusikia. TAWIRI makao makuu yako Arusha, na Chuo cha Nelson Mandela kiko hapa Tengeru.

Jana nilimsimulia mama. Huyu ni mama ambaye nikimtajia binti, swali la kwanza ni ukoo. Akasema, "Si wamtafutie dume la banda lingine?"

Nikampigia simu mhudumu. Akanijibu wanalo wazo hilo, kuna jamaa ana dume zuri.

"Yeye alilipata wapi?"

"Kwetu, kaka. Tulimpa sisi."