Kibaba Kimoja Hakiwi Vibaba Mia

Hoja za wauza ushauri wa tovuti mmeshazisikia. Mwenye tovuti anayetaka kuonekana juu kwenye matokeo ya Google anaambiwa kwamba dawa anayo mkononi: aunganishe kurasa zake zenyewe kwa viungo, aviweke vingi na kila mahali, avipe maneno yaleyale, kisha asubiri kupanda. Nimezisoma hoja hizo moja baada ya nyingine, kwa sababu wanaozilipia ni wenye maduka madogo, wahariri wa magazeti ya mtandaoni na mashirika yasiyo na fedha za kupoteza. Kwamba viungo vya ndani vina kazi, sibishi. Ninachobisha ni kazi wanayosingiziwa. Hapa naziweka hoja sita kama wenyewe wanavyozitoa, na kila moja na jibu lake. Hukumu ni yenu.

Hoja ya kwanza: kila kiungo cha ndani huongeza nguvu, kwa hiyo ukurasa wenye viungo 100 unaifaa tovuti kuliko ukurasa wenye viungo 10. Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba. Methali ni ya kweli, ila jambo hili halimo ndani yake. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza hesabu waliyoiita PageRank. Ukurasa hupitisha sehemu ya thamani yake kwa kurasa unazozielekea, na sehemu hiyo hugawanywa kwa idadi ya viungo. Kiwango walichokitumia kwa kawaida ni 0.85. Pigeni hesabu wenyewe: ukurasa wenye thamani ya 1 na viungo 10 hukipa kila kiungo 0.085. Vikifika viungo 100, kila kimoja kinapata 0.0085. Mgawo umepungua mara 10 na hakuna punje iliyoongezeka. Google imebadilisha mengi tangu hapo, lakini hadi leo huitaja PageRank miongoni mwa mifumo yake ya kupanga matokeo. Anayejaza kibaba huleta nafaka kutoka shambani. Hawa wanaichota nafaka ileile kutoka bakuli hadi bakuli. Nao wakitaja Wikipedia kama shahidi wao, wausome kwanza mwongozo wa Wikipedia ya Kiingereza, unaowaonya waandishi wasiunganishe kila neno wala wasirudierudie kiungo kilekile.

Hoja ya pili: mahali pa kiungo hapana maana. Kikae chini kabisa ya ukurasa, pembeni au katikati ya habari, Google hukihesabu sawa. Kwa hesabu ya 1998 wana haki, maana ilimchukulia msomaji kama mtu anayebofya bila kuchagua. Lakini hataza ambayo Google iliiomba mwaka 2004 na kuipata mwaka 2010 inamweleza msomaji mwingine, anayechagua. Uwezekano wa yeye kubofya hutegemea kiungo kilipo, ukubwa wa herufi zake na maneno yake, na uzito wa kiungo unaweza kufuata uwezekano huo. Hataza peke yake haithibitishi kwamba mfumo unafanya kazi hivyo leo, nami siibebeshi zaidi ya hapo. Inatosha kuonyesha kwamba usawa wanaoutangaza haujathibitishwa. Tena wenyewe hawauamini. Ukurasa mmoja mbele wanashauri kiungo muhimu kiwekwe kwenye aya ya kwanza. Kama mahali hapana maana, aya ya kwanza ina nini? Wachague kauli moja waiache nyingine.

Hoja ya tatu: kiungo kibebe maneno yaleyale ambayo wateja huyaandika Google, neno kwa neno, kila mara. Msingi wa hoja hii ni mzuri. Page na Brin waliandika kwamba maneno ya kiungo mara nyingi huueleza ukurasa vizuri kuliko ukurasa wenyewe unavyojieleza. Watetezi huongeza kisa cha Rais George W. Bush. Kuanzia mwaka 2003, watu wengi waliuelekezea wasifu wake kwenye tovuti ya Ikulu ya Marekani viungo vyenye maneno ya Kiingereza ya kumwita mtu aliyeshindwa vibaya, na wasifu ukapanda juu kwa maneno ambayo haukuwa nayo. Kisa ni cha kweli, lakini wanakikatia katikati. Januari 2007 Google ilitangaza kwamba imerekebisha mfumo wake ili kuzuia mchezo huo. Isitoshe, viungo vile vilitoka kwenye tovuti nyingi za watu wengi; vyako vinatoka mkono mmoja. Tuseme duka la Kariakoo linauza vifaa vya sola. Kila ukurasa una kiungo kinachosema “sola bei nafuu”, kimoja kinakwenda kwenye betri, kingine kwenye taa, kingine kwenye pampu za maji. Maneno hayo hayamwambii tena mtu yeyote, wala roboti ya Google inayosoma kurasa, kipi ni kipi. Mwongozo wa Google wenyewe unataka maneno mafupi yanayoueleza ukurasa ambao kiungo kinauelekea, na unakataza kulundika maneno ya utafutaji. Mfikirieni pia msomaji asiyeona, anayesomewa orodha ya viungo na programu ya sauti: akisikia “sola bei nafuu” mara 20, amefungiwa milango yote.

Hoja ya nne: zuia nguvu isipotee. Viungo vya kurasa za “Wasiliana nasi” na “Masharti” vipewe alama ya nofollow, inayoiambia Google isivipitishie thamani, ili fungu lao liende kwenye kurasa za bidhaa. Alama hiyo ilianza Januari 2005, Google, Yahoo na MSN zilipokubaliana kuitumia dhidi ya viungo vya taka, hasa vile vinavyobandikwa kwenye maoni. Kwa muda hila hii ilikuwa na mantiki. Lakini Juni 2009 Matt Cutts, aliyeongoza kikosi cha Google cha kupambana na taka hizo, alieleza kwamba hesabu ilikwisha kubadilishwa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Mfano wake ni rahisi: ukurasa una alama 10 za thamani na viungo 10, vitano kati yake vina nofollow. Zamani vile vitano vilivyobaki vingepata alama 2 kila kimoja. Baada ya mabadiliko, kila kimoja hupata 1, na alama 5 za vilivyozuiwa hazimfikii yeyote. Kwa hiyo anayefuata ushauri huu leo haokoi chochote. Anamwaga nusu ya kibaba chake kwa mkono wake mwenyewe. Mbinu iliyokanushwa hadharani na mwenye mfumo mwaka 2009 haipaswi kuuzwa tena kama siri.

Hoja ya tano: kila ukurasa ufikiwe kwa kubofya mara 3, la sivyo msomaji ataondoka na Google itausahau. Ndani yake mna ukweli mmoja: ukurasa ulio karibu na ukurasa wa mwanzo huonekana wa maana kuliko ule uliozikwa mbali. Ila namba 3 haina msingi. Jaribio la kampuni ya Marekani ya User Interface Engineering, lililochapishwa mwaka 2003, halikukuta watu wakikata tamaa baada ya kubofya mara 3. Na hesabu inaonyesha kwamba tovuti nyingi hazina hata tatizo hilo. Ukurasa wa mwanzo wenye viungo 20 hukufikisha kwenye kurasa 20, kila mmoja ukiwa na vingine 20, unafika 400, kisha 8,000. Hata kama viungo vingi vinarudia kurasa zilezile, duka lenye kurasa 60 linaweza kufikika lote. Anayelitisha duka hilo kwa kanuni ya mara 3 humshauri mwenye duka ajaze viungo vyote kwenye ukurasa wa mwanzo, na hapo ndipo mgawo wa kila kiungo unapokuwa mdogo kabisa.

Hoja ya sita ndiyo wanayoitegemea zaidi: tovuti fulani iliongeza viungo vya ndani, ikapanda, kwa hiyo viungo viliipandisha. Kupanda kulitokea, nakubali. Lakini waulizeni ni nini kingine kilibadilika katika miezi hiyo. Kwa kawaida vichwa vya habari viliandikwa upya, kurasa dhaifu zikafutwa, picha zikapunguzwa uzito, na Google nayo ikabadilisha mifumo yake. Jogoo akiwika na jua likachomoza, jogoo hajalichomoza. Kipimo cha haki kipo na hakina gharama: chukua kurasa 20 zinazofanana, badilisha viungo vya 10 tu, usiguse kingine chochote, kisha linganisha makundi mawili. Asiye na kipimo hicho hana ushahidi, ana simulizi.

Na hapo ndipo hoja zao zote zinapogongana. Mteja asipopanda, huambiwa tovuti yake haina nguvu ya kutosha, hivyo anunue viungo kutoka tovuti za nje. Kama kiungo cha ndani huzaa nguvu, ya nje ni ya nini? Na kama nguvu lazima itoke nje, ile waliyomwahidi mwanzoni ilikuwa ipi? Ushauri huo wa pili unamweka hatarini zaidi, kwa sababu kununua viungo ili kupanda ni kinyume cha kanuni za Google, nao mfumo wake wa Penguin, ulioanza Aprili 2012, ulitengenezwa kupambana na viungo vya hila.

Basi kazi halali ya kiungo cha ndani ni ipi? Kinamfungulia msomaji na roboti njia ya kuufikia ukurasa, kinaeleza ukurasa huo unahusu nini, na kinaonyesha kwamba mwenye tovuti anaujali. Kazi hizo tatu zinatosha kukipa heshima yake bila kukitilia chumvi. Ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa inayowasilishwa kwa Google, haizimalizi, kwa sababu Google yenyewe inasema kuwasilisha ramani si hakikisho kwamba ukurasa utasomwa. Ninyi wenye tovuti, kabla hamjamlipa mtu, andikeni orodha ya kurasa zenu zote na mtafute zile ambazo hakuna ukurasa mwingine unaozielekea. Programu inayoendesha Wikipedia huweka orodha ya kurasa pweke za namna hiyo, ili wahariri waziunganishe. Zipeni zenu kiungo kimoja au viwili kutoka kurasa zinazohusiana nazo, kwa maneno ambayo mngemwambia mteja aliyesimama mbele yenu.

Kiungo cha ndani hugawa, hakizai. Atakayewauzia kwa madai kwamba kinazaa, mwombeni hesabu yake kabla hamjampa fedha.