TAHARIRI: Tusiwazuie Vijana Wetu Kusoma Sheria ya Biashara

Kila sifa njema inamstahiki Allah (S.W.), Bwana wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Sahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mwezi huu tunaandika juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea. Miaka kadhaa iliyopita alitujia kijana wa madrasa yetu, aliyehifadhi juzuu kumi, akiwa amemaliza kidato cha sita kwa daraja zuri na kupata nafasi ya chuo kikuu kusomea shahada ya kwanza ya sheria. Nia yake ilikuwa ajikite katika sheria ya biashara. Alitaka rai yetu. Tukamjibu mbele ya wenzake wa darsa kwamba hizo ni sheria zilizotungwa na wanadamu, na kwamba mwenye kutafuta radhi za Mola wake hapotezi miaka yake huko. Kwa adabu yake hakubishana nasi. Nafasi ile ikapita, naye akashika shughuli nyingine. Kauli ile tuliitoa hadharani, na hadharani tunairejesha.

Kilichotuzindua ni karatasi nne. Wazee wa msikiti mmoja walituletea mkataba wa upangaji wa fremu za maduka zilizojengwa kwa michango ya waumini, ili pango lake liwasomeshe mayatima. Mkataba ulikuwa kwa Kiingereza. Wazee walikuwa wameutia saini kwa kuamini maneno ya mdomo. Sisi tuliosoma kwa Kiarabu hadi elimu ya juu, na tunaowasomesha watoto wenu mlango wa mauziano na mlango wa ijara, tuliushika mkataba ule mikononi tusiweze kuwaambia wazee kilichomo. Wakili alipousoma alieleza kuwa pango limefungwa kwa miaka mitano bila nyongeza, na kwamba ikiisha miaka hiyo, mpangaji peke yake ndiye mwenye hiari ya kuongeza mitano mingine kwa pango lile lile. Wazee wakauliza kama mahakama haitawaonea huruma. Akawajibu kuwa wao ni watu wazima wenye akili timamu, walisaini bila kulazimishwa, na kutosoma si udhuru. Mayatima wakapungukiwa, wala hakuna aliyeiba.

Ndugu zetu katika imani, jiulizeni: je, jibu la wakili yule lilikuwa geni kwa fiqhi yetu? Sheria ya Mikataba ya Tanzania inataka mapatano yawe kwa ridhaa ya hiari, baina ya watu wenye sifa ya kufunga mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Inasema ridhaa huharibika kwa kulazimishwa, kwa ushawishi usiofaa, kwa ulaghai, kwa maelezo ya uongo na kwa makosa. Inabatilisha mapatano ya kamari. Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha mauziano katika Buluugh al-Maraam ataitambua ridhaa, atautambua ulaghai, na ataona kwamba mlango anaoingia hauko mbali sana na nyumbani kwao. Asili ya sheria hiyo ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliitumia Tanganyika hadi ilipotungwa ya hapa mwaka 1961. Ilipita mikono ya watu, ndiyo. Lakini haki si ngeni kwetu kwa sababu tu imeandikwa kwa kalamu ya mwingine.

Wako wanaosema, kama tulivyosema sisi, kwamba kusoma sheria hizi ni kuridhia kuhukumiwa kwa yasiyoteremshwa na Allah. Hoja hii ni nzito, nasi hatuidharau. Lakini kujua ni jambo moja, na kuridhia ni jambo jingine. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thaabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na amani na barua zao kusomwa na wengine, Zayd akayajua kwa muda mfupi, akawa ndiye mwandishi na msomaji wake. Hakuna aliyesema Zayd ameacha dini. Na kabla ya utume, Mtume (s.a.w.) alihudhuria mapatano ya Hilf al-Fudhuul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'aan. Sababu yake ilikuwa ya biashara tupu: mgeni kutoka Yemen aliuza bidhaa zake Makka, mnunuzi akazichukua na akagoma kulipa. Watu wa Makka, wakiwa bado katika ujahili, waliapa kusimama na aliyedhulumiwa. Baada ya Uislamu Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa lau angeitwa tena kwenye mapatano ya namna ile angeitika.

Tena mkumbuke kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii sala wala hija. Inazungumzia deni: liandikwe, awepo mwandishi mwadilifu, mdaiwa ndiye aimlishe, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Mara ngapi tumeisoma aya hii kwa tajwidi nzuri, kisha tukakopeshana kwa kupeana mikono tu? Naye Umar bin al-Khattaab (r.a.) alizuia mtu kuuza katika soko lao mpaka awe na ufahamu wa dini. Wanazuoni wa baadaye hawakuona aibu kuipanga elimu hii kwa vifungu: dola ya Uthmania ilitoa Majalla kati ya mwaka 1869 na 1876, yenye vifungu 1851, na kitabu chake cha kwanza ni cha mauziano. Abdul-Razzaaq as-Sanhuuri, aliyeongoza uandishi wa sheria ya madai ya Misri ya mwaka 1948, alizisoma sheria za Ufaransa na fiqhi pamoja, akaandika juu ya zote mbili.

Basi kijana husoma nini hasa? Husoma mikataba, mauzo ya bidhaa, uwakala, ubia, makampuni, hundi na hati nyingine za fedha, bima na ufilisi. Wanafunzi wa biashara na uhasibu nao hupitia sehemu ya masomo haya. Husoma pia hukumu za zamani. Mojawapo, iliyoripotiwa mwaka 1893 nchini Uingereza, ni ya kampuni iliyotangaza kumlipa pauni 100 yeyote atakayetumia dawa yake kama ilivyoelekezwa kisha akaugua mafua makali. Bibi Carlill aliitumia, akaugua, kampuni ikadai kwamba tangazo lilikuwa maneno ya soko tu. Mahakama ikaiamuru ilipe. Aliyesoma fiqhi atakumbuka papo hapo ju'ala, na tangazo lililomo katika Suratu Yusuf la kumpa shehena ya ngamia mwenye kukileta chombo cha mfalme. Wengi katika wanazuoni wameitumia aya hiyo kuwa dalili ya kujuzu ahadi ya namna hiyo. Kijana asiye na fiqhi ataiona hukumu ile kuwa maarifa ya Wazungu peke yao.

Hatutaki kuwahadaa. Yamo katika masomo haya mambo tusiyoyakubali. Sheria hizi huitambua riba iliyoandikwa katika mkataba wa mkopo, na bima inayofundishwa mara nyingi ni ile yenye gharari. Lakini ni nani atakayeijua riba ilipojificha katika ukurasa wa tatu wa mkataba, ikiwa imepewa jina la ada au tozo, kama si yule aliyefundishwa kusoma kila kifungu? Kina mama wetu wanasainishwa mikopo ambayo mitaani imepewa jina la "kausha damu", wanaweka rehani majokofu na vitanda, nao hawajui kwamba ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayomtaka mkopeshaji awe na leseni. Tukiharamisha riba mimbarini tu, tukakosa hata mtu mmoja wa kuwasomea karatasi wanazosaini, tumefanya nusu ya kazi.

Mwaka 2011 Amana Bank ilianza kazi, ikiwa benki ya kwanza Tanzania kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu. Mikataba ya murabaha na musharaka ikizuka mgogoro hupelekwa katika mahakama hizi hizi na kupimwa kwa sheria hizi hizi. Anahitajika mtu wa macho mawili. Na misikiti yetu vivyo hivyo: ipo mingi ambayo kiwanja kimeandikwa kwa jina la mzee mmoja, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba wadhamini wakisajiliwa kwa mujibu wa sheria huwa mwili unaoweza kumiliki mali wenyewe. Mzee akifariki, warithi husimama na kudai mirathi yao, na jamaa ya msikiti hugawanyika.

Kwa hiyo tunanasihi haya. Kwanza, kijana anayekusudia masomo haya aanze na fiqhi ya muamala kabla hajafunga sanduku lake. Madrasa yetu inafungua darsa hiyo jioni, na wasichana wana nafasi kama wavulana. Pili, atazame pa kusoma. Zanzibar University na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro hufundisha sheria pamoja na Sharia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sheria tangu mwaka 1961. Tatu, ajue kwamba njia si nyepesi. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Lazima apitie Shule ya Sheria kwa Vitendo, na mwaka 2022 matokeo yalionyesha waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu kati ya 633. Nne, mzazi aliyeogopa mkopo wa serikali kwa ajili ya ile tozo ya asilimia 6 ya kila mwaka ajue kwamba iliondolewa mwaka 2021. Gharama nyingine zilizobaki na awaulize wanazuoni kabla ya kusaini.

Nanyi wazee wa misikiti, msisaini msichokisoma. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, basi ombeni mkataba kwa lugha mnayoifahamu. Mwenye haki haoni tabu kueleweka.

Ama yule kijana wetu, tulimwendea dukani kwake baada ya sala ya Alasiri tukamwomba radhi. Alitusamehe, Allah amlipe kheri. Akatuambia kwamba mdogo wake wa kike yuko kidato cha tano na analitamani somo lile lile, ila anaogopa tutasema nini. Tumemtumia salamu kwamba darsa ya fiqhi ya muamala inaanza Jumatatu, na kwamba nafasi yake ya mbele tumeiweka.

Tunamwomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, azihifadhi mali za mayatima, na atusamehe tuliyoyasema bila ya ujuzi. Wabillahi tawfiiq.