MAMBO YA NYUMBANI: Utambue Mti wa Mnyaa

Juma hili tunazungumzia mti ambao wengi wetu tunao mlangoni, wala hatuuhesabu kuwa ni hatari. Mti huo ni mnyaa, ambao Waganda huuita nkoni na Wanyarwanda huuita umuyenzi. Watu huupanda uwe ua wa nyumba au boma la ng'ombe, kwa sababu kijiti chake kikichomekwa ardhini huota, hustahimili ukame, na mifugo huuepuka.

Dalili za kuutambua ni hizi. Vijiti vyake ni vya kijani, vya mviringo na laini, vyenye unene wa penseli, navyo husongamana kama ufagio. Majani yake ni madogo mno na hupukutika mapema, hata mti huonekana mtupu. Hauna miiba, kwa hiyo usiuchanganye na enkukuulu, mti wa jamii yake wenye matawi ya pembepembe na miiba, ingawa huo nao una utomvu mkali. Mnyaa usipokatwa huweza kupita mita 5. Alama yake kubwa ni utomvu mweupe kama maziwa, uchuruzikao mara tawi livunjikapo.

Utomvu huo huichoma ngozi, ikawasha, ikavimba na kutoa malengelenge. Ukiingia jichoni huleta maumivu makali, na mtu huweza kukosa kuona kwa muda. Asipotibiwa, jicho laweza kuharibika.

Askari atumwaye kufyeka ua wa kambi avae glavu, shati la mikono mirefu na miwani ya kukinga macho. Asijifute jasho usoni kwa mkono wa kazi. Matawi yaliyokatwa yasiachwe kando ya nyumba, maana watoto huyavunja kwa mchezo.

Ajali ikitokea, ngozi ioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, na nguo zilizorukiwa na utomvu zivuliwe. Jicho lisisuguliwe. Lioshwe kwa maji safi yatiririkayo kwa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa, na kichwa kiinamishwe ili maji yasiingie jicho la pili. Usitie maziwa ya mama wala dawa ya majani. Kisha mgonjwa apelekwe kwa daktari bila kungoja kesho, hata kama maumivu yamepungua. Aliyemeza utomvu asitapishwe. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali upesi.

Hatusemi kila ua ung'olewe, kwa kuwa mnyaa una faida zake. Lakini penye watoto wadogo, heri kupanda ua usio na utomvu. Na kila mzazi awaonyeshe wanawe mti huu leo, wakiwa wamesimama kando, bila kuuvunja.